Karatasi mara mbili, karanga karibu mara tatu

Safari hii barua nyingi ni za vyombo vya ncha, sijui mmeambizana au vipi. Wengine mmeandika koni, wengine faneli, mwanafunzi mmoja kaandika "pia" kama ilivyo kwenye kitabu cha hisabati (ndo ile ile pia ya kuchezea watoto, umbo limetoka huko), yote sawa tu, mdomo wa duara upande mmoja na ncha upande wa pili. Nimechagua tano, zilizobaki zivumilie.

Swali: Mwalimu habari za kazi. Mi nauza karanga za kukaanga huku Mbagala, nazungusha na sinia. Nasokota vikaratasi vya daftari, kidogo natumia nusu karatasi nauza 200, kikubwa natumia karatasi nzima nauza 400. Kwa akili yangu karatasi mara mbili, karanga mara mbili, bei mara mbili. Sasa siku vikubwa vikitoka sana, sado ya karanga inaisha mapema halafu hela haitimii, mpaka nimeanza kumshuku mwanangu anayenisaidia kuuza na mwenyewe anaapa hajagusa kitu. Nisaidie kabla sijamchapa. (Mama wa karanga, Mbagala)

Jibu: Mama yangu weka fimbo chini, mwizi nimemkamata na ni hicho kikaratasi kikubwa.

Barua yako niliisoma jioni nikachana karatasi ya daftari la mtoto wangu (lililokwisha, msinitolee macho), nikasokota kidogo cha nusu karatasi na kikubwa cha karatasi nzima kama unavyofanya wewe, nikanunua karanga, nikazimwaga mezani nikaanza kuhesabu moja moja kama wanaohesabu kura. Kidogo kiliingia karanga 52. Kikubwa 143. Sasa mara mbili ya 52 ni 104, hizo 39 za juu ndo unazogawa bure kila ukiuza kikubwa kimoja, na mteja wala hajui kushukuru.

Kinachotokea ni hivi. Karatasi ya daftari ukiikata katikati, ile nusu inabaki na umbo karibu lile lile la nzima, imepungua saizi tu. Kwa hiyo kikaratasi chako kikubwa hakijaongezeka upande mmoja, kimeongezeka kote, mdomo umekuwa mpana mara 1.41 na kimo kimekuwa kirefu mara 1.41. Kwa nini 1.41, kwa sababu karatasi ina pande mbili tu za kuongezeka, urefu na upana, na 1.41 mara 1.41 unapata 2, ndo karatasi mara mbili unayoisema wewe, hapo hujakosea hata kidogo. Ila karanga haziishi kwenye karatasi mama, zinaishi ndani, na ndani kuna njia tatu, kushoto kulia, mbele nyuma, na kwenda chini kwenye ncha. Zidisha 1.41 mara tatu unapata 2.8. Karatasi mara mbili, karanga karibu mara tatu.

Kwa wanaotaka kupiga wenyewe: chukua nusu ya upana wa mdomo, izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa kimo (pitisha njiti ya ufagio katikati mpaka iguse ncha halafu ipime kwa rula, usipime pembeni kwenye mteremko), ukimaliza gawa kwa 3. Kikaratasi changu kidogo kilikuwa na mdomo wa sentimita 4.5 na kimo 7.5, kikatoka mililita 40 hivi. Kikubwa mdomo 6.4 na kimo 10.6, mililita 113 na ushee.

Sasa tuje kwenye hela. Tuchukulie sado yako ni ya lita 4. Ukiuza yote kwa vidogo unapata vikaratasi 100, hiyo ni 20,000. Ukiuza yote kwa vikubwa unapata 35 tu mara 400, ni 14,000. Elfu sita imepotea kwenye sado moja na hakuna aliyeiba. Hiyo ndo elfu sita uliyokuwa unamdai mtoto, mnunulie hata soda.

Dawa yake ziko mbili. Ya kwanza uza kikubwa 500, kwa hesabu kamili ilitakiwa 566 lakini mteja wa kikubwa naye apate nafuu kidogo, ndo biashara. Ya pili, kama wateja wako wameshazoea 400 na Mbagala naijua ukipandisha mia utasikia maneno, basi punguza kikaratasi, kwa sababu ukitaka karanga ziwe mara mbili kweli huhitaji karatasi mara mbili, inatosha moja na nusu ukizidisha kidogo sana. Mdomo uwe sentimita 5.7 na kimo 9.5. Kikiwa mkononi kinaonekana kimezidi kidogo tu kile cha 200, watu watanuna siku mbili tatu halafu watazoea.

Halafu kuna jambo hukuuliza ila nalisema. Nimewaona wauzaji wengine wanakunja ile ncha ya chini wakidhani wanabana matumizi. Haibani kitu. Ukikunja sentimita 2 za chini kwenye kikaratasi cha kimo 7.5 umepunguza karanga asilimia 2 tu, yaani moja, hata mteja mwenye jicho kali hawezi kujua. Lakini acha sentimita 1 ya juu bila kujaza, umeondoa asilimia 35, zaidi ya theluthi! Sentimita moja tu ya mdomoni. Kwa hiyo akikwambia "mama mbona hujajaza" na wewe unaona kimepungua kidogo, ana haki yake huyo, muongezee. Na kijana wako mfundishe kujaza mpaka usawa mmoja kila siku, kwa sababu akijaza leo mpaka ukingoni kesho akaacha nafasi ya kidole, hesabu zenu hazitakaa zikutane mpaka mgombane tena.

Swali: Vipi mwalimu, sie huku Mombasa twakusoma. Mimi na mwenzangu tulienda kunywa juisi mahali, wakatuletea glasi za mguu mrefu zile za umbo la koni. Yangu ilijaa pomoni, yake imefika nusu ya kimo. Nikamwambia amepata nusu yangu kwa hivyo alipe nusu, yeye akakasirika asema hakupata hata robo. Nani mkweli? (Mpenda juisi, Mombasa)

Jibu: Mwenzio mkweli, tena kajipunja mwenyewe, kapata moja ya nane. Nusu ya kimo kwenye koni maana yake na upana pale umeshuka nusu, huku na huku, kwa hiyo nusu ya nusu ya nusu. Kama glasi yako ilikuwa ya mililita 300 basi yeye kaletewa 37 na kitu, vijiko vya mezani viwili na nusu, hiyo si juisi hiyo ni dawa ya kikohozi. Glasi ya namna hiyo ikiwa na kimo cha sentimita 10, nusu yake halisi iko karibu sentimita 8 kutoka chini, kwa macho utaapa imejaa. Mlipie mwenzio, na siku nyingine ombeni glasi zilizonyooka.

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu Morogoro. Tumeambiwa ujazo wa pia ni theluthi ya ujazo wa mcheduara (umbo la kopo lililonyooka) wenye mdomo na kimo kile kile. Nikauliza kwa nini theluthi na siyo nusu, darasa likacheka nikaambiwa nikariri. Mi kukariri naweza ila naomba kujua. (Mwanafunzi, Morogoro)

Jibu: Marahaba mwanangu. Waliocheka waulize wao waeleze uone kama kuna atakayefungua mdomo.

Macho yanasema nusu, kwa sababu ukiichora pia ubavuni unapata pembetatu ndani ya mstatili, na pembetatu kweli ni nusu ya mstatili. Tatizo mchoro ni bapa, na hapa tunasema habari ya kitu kinachojaa maji. Fanya kwanza la mikono. Tafuta kopo lililonyooka, la maziwa ya unga linafaa, sokota pia ya karatasi ya manila yenye mdomo sawa na wa kopo na kimo sawa, jaza mchele, mimina kwenye kopo. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, kopo limejaa. Siyo mbili na siyo nne.

Sasa kwa nini. Nenda jikoni uombe kipande cha mche wa sabuni, na uangalie jina lenyewe, wanaouza sabuni na wanaofundisha hisabati wote wanasema mche. Kata kipande kiwe sawa pande zote, urefu, upana na kimo, kama dadu kubwa. Chagua kona moja, iwekee alama ya kalamu. Hiyo kona inagusana na nyuso tatu za dadu, na kuna nyuso nyingine tatu haigusani nazo, ziko ng'ambo. Kutoka kwenye alama kata kwenda kwenye kingo za uso mmoja wa ng'ambo, unapata piramidi iliyoinama yenye kitako cha mraba. Fanya hivyo kwa uso wa pili, na kilichobaki ni cha tatu. Piramidi tatu, zote zinafanana, na hakuna sabuni iliyobaki (ukiacha chengachenga, na mama yako akikuuliza sabuni imefanya nini usinitaje). Ndo theluthi hiyo, imetoka kwenye kisu.

Utasema hiyo ni piramidi na wewe uliuliza habari ya pia. Sawa, zikate zote mbili kwa mlalo, sambamba na kitako, vipande vipande kama mtu anayekata mkate. Katikati ya kimo kipande cha piramidi ni robo ya kitako chake, na kipande cha pia nacho ni robo ya kitako chake. Popote utakapokata, zinapungua kwa mwendo mmoja, kitako kiwe mraba au duara haijalishi. Na ukiinamisha au ukisimamisha vile vipande vinateleza tu kama karata, ujazo haubadiliki. Kwa hiyo theluthi ya sabuni inahamia kwenye pia.

Jambo hili ni la zamani sana. Wagiriki walikuwa nalo, Democritus alilisema bila kulithibitisha, akaja Eudoxus akalithibitisha. Tunajua hivyo kwa sababu Archimedes aliandika yote mawili kwenye barua kwa Eratosthenes, msomi mwenzake aliyekuwa Aleksandria. Na nakala ya barua hiyo ilikaribia kupotea, maana baadaye watu walikwangua wino kwenye ile ngozi wakaandika sala juu yake, mpaka mwaka 1906 Mdenmark mmoja, Johan Ludvig Heiberg, akaikuta kule Konstantinopoli (Istanbul ya leo) akasoma yale maandishi hafifu ya chini. Hisabati imefunikwa na sala, kama daftari la mwanangu lilivyoishia kufungia karanga.

Swali: Ndugu mwalimu, mimi mkulima wa maharage Mbozi. Wanunuzi wanakuja na sado zao, wanajaza mpaka juu inakuwa na kichwa kama mlima, ukiuliza wanakwambia "mzee hicho ni kichwa tu, maharage machache." Ni machache kweli? (Mkulima, Mbozi)

Jibu: Mzee shikamoo. Ni machache kwa sado moja, kwa gunia ni mengi.

Hicho kichwa chenyewe ni koni, imegeuzwa tu. Maharage makavu ukiyamwaga yanajipanga yenyewe kwa mteremko wake, yakizidi hapo yanaporomoka, mnunuzi hawezi kupandisha kichwa anavyotaka hata akiwa fundi. Kwa sado yenye mdomo wa sentimita 17 kichwa kinasimama kama sentimita 4 na robo hivi, piga ile hesabu ya mama wa karanga hapo juu unapata mililita 320, karibu theluthi ya lita. Sado ni lita 4, kwa hiyo kila ukipima sado 12 au 13, sado moja nzima imeondoka bure. Ukijaza gunia la sado 32 umetoa lita 10 na ushee, sado mbili na nusu, jirani mwingine angekula wiki.

La kuogopa zaidi mzee ni chombo chenye mdomo mpana. Akija na beseni lenye mdomo mara mbili ya sado, hata kama ameandika juu yake lita ngapi, kichwa chake ni mara nane, lita mbili na nusu zinakaa juu ya ukingo na yeye anasema ni kichwa tu. Chombo chembamba kirefu kichwa chake kidogo. Kwa hiyo angalia mdomo kabla hujaangalia kina.

Wazee wa pwani hili walilijua, kibaba na pishi vilikuwa na ugomvi wake wa kufuta na kutofuta, na kwenye Kurani kuna sura nzima, ya 83, imeanza kwa kuwapa ole wanaopunja vipimo. Ndugu yake hicho kichwa ni lumbesa ya viazi, lile gunia lililojazwa kupita mdomo wake, Wakala wa Vipimo wanapambana nayo miaka na miaka na bado ukipita barabarani unaiona imekaa juu ya fuso. Mi ningekuwa wewe ningetembea na ubao ulionyooka, kila sado napitisha juu nafuta, asiyetaka aje na mizani tuuziane kwa kilo.

Swali: Kaka, mimi fundi bati wa mtaa wa Gerezani, Dar. Nina bati la duara, kutoka katikati mpaka ukingoni ni sentimita 30. Nataka kukata kipande kama cha keki niunganishe kingo nipate faneli kubwa ya kumiminia mahindi. Nikate kipande cha ukubwa gani ili ibebe mzigo mwingi zaidi? (Fundi, Gerezani)

Jibu: Swali zuri kaka, na jibu lake huwezi kulipata kwa macho. Ukikata kidogo sana faneli inakuwa bapa kama sahani, ukikata kingi inakuwa ndefu nyembamba kama tarumbeta, zote hazibebi. Inayobeba kuliko zote ni ukikata nyuzi 66, chini kidogo ya moja ya tano ya duara. Huna haja ya kupima nyuzi, kwenye ukingo wa nje zungusha futi laini sentimita 34.6, weka alama mbili, chora mpaka katikati. Faneli itakuwa na mdomo wa sentimita 49, kimo 17.3, lita karibu 10.9.

Ila ngoja kwanza usikate. Mteremko wa faneli hiyo ni nyuzi 35 hivi, umelala. Mahindi makavu yatashuka yenyewe lakini kwa shida shida, unga hautashuka kabisa utakuwa unagonga na mti mpaka uchoke. Ukilikata bati katikati, nusu na nusu, unapata faneli mbili, kila moja mdomo sentimita 30 na kimo 26, lita 6.1. Mbili hizo ni lita 12.2, zimeipita ile moja kubwa, na mteremko ni nyuzi 60 unaserereka hata unga. Mi ningeuza mbili. Lakini mteja wako kama anataka moja kubwa na anamimina mahindi matupu, basi mpe ya nyuzi 66.

Kumbuka mshono, acha sentimita 1 ya kukunjia upande mmoja kabla hujakata, hesabu zangu hazijaweka mshono. Tundu la chini kata bila wasiwasi, ncha haina kitu ndani yake. Na kile kipande cha keki kilichotoka usikitupe, kisokote nacho, ni faneli nyembamba ya mdomo wa sentimita 11, inafaa kabisa kutilia mafuta ya taa kwenye dumu au koroboi.